Gari Linalia Ukikata Kona: Sikiliza Kwanza, Spea Baadaye

Ukitaka kujua kama usukani wa gari lako una mlio, liingize Kariakoo. Kwenye Barabara ya Bagamoyo gari linaweza kukaa kimya wiki nzima, kwa sababu huko usukani unauzungusha kidogo tu. Ila ukiingia Mtaa wa Msimbazi, ukatafuta upenyo kuelekea Swahili au Sikukuu, ukapisha mkokoteni, ukarudi nyuma, ukakata usukani mpaka mwisho ili uingie kwenye nafasi ya kuegesha, hapo ndo utalisikia: nyiiii. Au kwiii. Au kang'! Mpaka watu wanageuka.

Ukisogea Gerezani au Shaurimoyo, ambako mafundi na maduka ya spea hayako mbali, utapewa majibu mengi. Mmoja atasema boli jointi. Mwingine pampu. Wa tatu atasema, "Weka grisi tu bosi, itanyamaza." Na inawezekana wote wamewahi kuwa sahihi, kila mmoja kwa gari tofauti. Shida ya kubahatisha ni kwamba unaumia mara mbili: umelipia spea iliyokuwa nzima, na mbovu bado unatembea nayo. Halafu kuna jambo zito zaidi. Kati ya vitu vinavyoweza kulia unapokata kona, vingi ni kero tu, lakini kimoja kinaweza kulifanya gurudumu la mbele lijikunje gari likiwa kwenye mwendo.

Kwa hiyo twende taratibu. Tutaanza na mlio wenyewe, yaani kifizikia ni kitu gani. Tukishauelewa, tutaona vipimo vitano vya kuufuatilia mpaka kwenye chanzo chake, tena kabla hujatoa hata shilingi ya spea.

Kitu kinalia kwa nini?

Lowesha kidole, kizungushe kwenye ukingo wa glasi: inaimba. Vaa ndala zilizolowa, tembea kwenye tailizi: zinalia. Mpiga fidla wa taarabu anafanya hivyo hivyo, ila yeye kwa makusudi. Anapaka ulimbo mkavu kwenye upinde ili nywele za upinde ziushike uzi vizuri kabla ya kuuachia.

Yote hayo ni tukio moja. Vitu viwili vinavyogusana, kabla havijateleza huwa vimeshikana. Kani inayohitajika kuvitoa hapo, tuiite msuguano tuli, kwa kawaida ni kubwa kuliko kani ya kuviendeleza vikishaanza kuteleza, yaani msuguano wa mwendo. Umeshasukuma kabati zito? Kulianzisha ndo kazi, likishaanza linakwenda. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, yule yule wa chaji za umeme, alichapisha vipimo vyake vya msuguano mwaka 1785, na tofauti hiyo ilikuwemo.

Sasa weka katikati kitu kinachonyumbuka: mpira, springi, au hata chuma, maana chuma nacho hupinda kidogo. Unasukuma, sehemu imeshika, kile kinachonyumbuka kinajikunja na kutunza nishati. Kani ikizidi msuguano tuli, sehemu inaachia ghafla, inaruka, nishati inapungua, inashika tena. Shika, achia, shika, achia. Watafiti Bowden na Leben wa Cambridge walilichunguza tukio hili kwa kina mwaka 1939, na mpaka leo ndilo maelezo ya msingi ya milio mingi ya mashine, kuanzia bawaba ya mlango hadi breki za treni.

Kama kushika na kuachia kunajirudia mara 2,000 au 3,000 kwa sekunde, unasikia "nyiii" kali. Na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa sauti za mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Ndo maana kipande kidogo cha mpira kinaweza kukukera kuliko injini nzima. Kama kunatokea mara moja tu kila robo mzunguko wa usukani, utasikia "kang'... kang'".

Tofauti hiyo inatokana na ugumu na uzito wa kinachotetema. Kitu kigumu na chepesi hutetema haraka, kitu laini na kizito hutetema polepole, kama uzi mwembamba wa gitaa na ule mnene. Kwa hiyo hata kabla hujafungua boneti, sauti imeshakupa dokezo. Mlio mwembamba unatoka kwenye kitu kidogo au chepesi, mfano mkanda au raba. Mshindo mzito unatoka kwenye kitu kikubwa kilichotunza nishati nyingi, mfano springi ya shokapu.

Kwa nini mjini ndo lialie zaidi

Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja haizidi sana ukubwa wa kiganja. Gari likiwa linatembea, kiganja hicho kinabadilika kila mara: mpira mpya unashuka, wa zamani unanyanyuka, na ule msokoto unaopata tairi unapokata kona unaachiliwa njiani. Gari likisimama, hakuna kinachoachiliwa. Ukizungusha usukani unalazimisha kiganja kile kile kijisugue palepale kwenye lami, huku kimebeba mamia ya kilo. Hapo ndipo usukani unahitaji kani kubwa kuliko wakati wowote mwingine, na kani hiyo inapita kwenye kila kiungo kuanzia mikononi mwako hadi chini.

Kariakoo ni mwendo wa kusimama, kukata, kurudi, kukata tena. Kiungo kinachoanza kuchoka kitajitangaza hapo.

Ongeza na mazingira yetu. Magari mengi ya mjini yameingia nchini yakiwa yameshatumika Japani, kwa hiyo raba zake zina umri mkubwa tayari. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari. Mvua kubwa zikija, Jangwani inajaa maji, na anayepita hapo magari yakiwa yamezama nusu gurudumu anaingiza maji na mchanga mahali pasipotakiwa. Raba ikiwa na mpasuko mdogo tu, maji yanaingia, grisi inatoka, kutu inaanza.

Safari ya nguvu: kutoka mkononi hadi kwenye tairi

Ukizungusha usukani, mhimili wake unashuka mpaka kwenye raki, chuma chenye meno kilicholala kwa upana wa gari. Raki inakwenda kushoto au kulia, inavuta na kusukuma tairodi, na tairodi inageuza nako, yaani kile chuma kilichoshikilia gurudumu.

Nako haielei hewani. Chini imeshikwa na boli jointi, mpira mdogo wa chuma ndani ya kikombe, unaofanya kazi kama kiungo cha nyonga yako. Boli jointi hiyo imeungana na mkono wa chini, ambao mafundi wanauita lowa amu. Juu, katika magari mengi madogo, nako imefungwa moja kwa moja kwenye shokapu iliyozungukwa na springi. Mpangilio huu unabeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, aliyeubuni miaka ya 1940, na ndio uliopo kwenye Vitz, IST, Corolla na magari mengine mengi unayoyaona mjini. Kumbuka jambo moja kuhusu mpangilio huu: gurudumu likigeuka, shokapu na springi vinageuka nalo. Kwa hiyo juu kabisa, chini ya boneti, lazima pawe na beringi ya kuruhusu mzunguko huo.

Mwisho, kuna msaidizi wa nguvu. Magari mengine yanatumia pampu ya mafuta inayozungushwa na injini kwa mkanda. Mengine yanatumia mota ya umeme. Fungua boneti utafute kopo la mafuta ya usukani. Kama halipo, kwa kawaida gari lako ni la umeme, na mtu akikwambia "pampu ya steringi imekufa" muulize kwa upole ni pampu ipi hiyo.

Vipimo vitano kabla ya kununua chochote

Tafuta sehemu tambarare. Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, au ndani ya gia kama ni ya mkono na injini imezimwa. Tafuta mtu wa kukusaidia kuzungusha usukani. Simu iwe tayari kurekodi, maana mlio una tabia ya kupotea ukifika gereji.

1. Injini imezimwa. Fungua kufuli la usukani kwa ufunguo, zungusha polepole kushoto na kulia kadiri unavyoweza. Utakuwa mzito, ni kawaida. Kama unalia hata hivi, mkanda na pampu hawahusiki, kwa sababu havizunguki. Umeshaokoa pesa. Sikiliza pia: mlio uko ndani, karibu na miguu yako, au nje?

2. Injini inawaka, gari limesimama. Kama mlio unatokea sasa tu, na unapanda usukani ukikaribia mwisho, mtuhumiwa wa kwanza ni mkanda au pampu, kwa magari yenye pampu. Lakini usihukumu haraka. Injini ikiwaka unaweza kugeuza tairi zaidi, hivyo viungo vya chini navyo vinapata kani kubwa. Simama mbele ya gari usikilize: sauti inatoka kwenye mkanda au nyuma ya gurudumu?

3. Usiguse usukani kabisa. Zima injini, bonyeza kona ya mbele ya gari kwa uzito wako, achia, rudia. Kama linalia hivi, tatizo liko kwenye vitu vinavyopanda na kushuka: boli jointi, bushi za lowa amu, au bushi na linki za stabilaiza. Jaribu pande zote mbili ulinganishe.

4. Badilisha sakafu. Ukisikia mlio kwenye maegesho ya chini ya jengo, yenye sakafu laini iliyopakwa rangi, lipeleke gari kwenye mchanga au lami chakavu ukate kona ile ile. Kama kimya, zilikuwa tairi zinajisugua. Hakuna cha kubadilisha. Pima upepo tu, maana tairi yenye upepo mdogo hulia zaidi.

5. Sikiliza kama daktari. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec aliviringisha karatasi ili asikie moyo wa mgonjwa, na hapo ndipo kipima moyo kilipoanzia. Wewe tumia kipande cha mpira wa maji wa kama mita moja. Ncha moja sikioni, nyingine isogeze karibu na unaposhuku huku mwenzako akizungusha usukani. Utashangaa jinsi sauti iliyokuwa "huko mbele" inavyogeuka kuwa "hapa". Injini ikiwa inawaka, mpira, mikono, mtandio na tai vikae mbali na mkanda na feni.

Kuna onyo moja: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi, na wala si tofali.

Watuhumiwa, mmoja mmoja

*Mkanda na pampu.* Hii ndiyo "kwiii" kali inayotoka usukani ukifika mwisho, hasa asubuhi au baada ya mvua. Sababu ni hii: usukani ukifika mwisho, mafuta hayana pa kwenda, presha inapanda. Katika magari mengi inapita bar 70, zaidi ya mara 30 ya upepo wa tairi yako. Pampu inakuwa nzito kuzungusha, mkanda unashindwa, unateleza, unalia.

Mabaharia wanalijua jambo hili kutoka upande mwingine. Ukizungushia kamba ya jahazi kwenye gogo la bandarini, mtu mmoja anaweza kuzuia chombo kizito. Kila mzunguko hauongezi msaada, unauzidisha. Kamba yenye kizio cha msuguano cha 0.3, mzunguko mmoja unazidisha nguvu yako karibu mara 6.6, miwili karibu mara 43, mitatu karibu mara 285. Mkanda unafuata kanuni hiyo hiyo, ila wenyewe unakumbatia puli karibu nusu mzunguko tu. Kwa msuguano ule ule, mkanda bapa unapata kama mara 2.6. Msuguano ukishuka hadi 0.2 kwa sababu ya mafuta au kung'aa kwa uzee, inabaki kama 1.9. Mkanda uliokuwa unatosha jana, leo unateleza.

Dondoshea maji kidogo upande wa ndani wa mkanda injini ikiwa kwenye sailensa, ukiwa umesimama mbali kwa usalama. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukipotea kisha ukarudi, puli zinaweza kuwa hazijanyooka. Wapo wanaopaka sabuni ya kipande. Sabuni inaondoa sauti kwa muda, lakini inapunguza msuguano ule ule unaouhitaji.

Kama sauti ni mvumo, "mmmm" unaopanda na injini, angalia mafuta. Yakiwa chini au yana povu, pampu inameza hewa. Soma maandishi kwenye kifuniko cha kopo. Toyota nyingi zinatumia mafuta ya aina ya ATF, lakini si kila gari. Usiweke mafuta ya breki humo, yanaharibu sili za mpira. Na ule mlio wa "shhh" usukani ukiwa mwishoni kabisa ni valvu inayotoa presha, kawaida tu. Ila usiushikilie hapo zaidi ya sekunde chache. Tupige hesabu: bar 80 na mtiririko wa lita 6 kwa dakika ni wati 800, karibu na pasi ya umeme, na zote zinageuka joto ndani ya mafuta.

*Beringi ya juu ya shokapu.* Ikijaa vumbi na kutu inashika. Gurudumu linageuka, sehemu ya juu ya springi inagoma, springi inajisokota, kisha inaachia: "kang'!" Wakati mwingine usukani nao unagoma kurudi wenyewe katikati. Injini ikiwa imezimwa, mwombe mwenzako azungushe huku wewe umeweka kiganja juu ya springi kwa wepesi, bila kuingiza vidole katikati ya mizunguko yake. Springi nzima inatakiwa igeuke kwa ulaini. Ukiihisi inajikusanya halafu inaruka, umempata. Kuibadilisha kunahitaji kubana springi kwa kifaa maalumu. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua mtu, hivyo kazi hii mwachie fundi mwenye kifaa hicho, na usikubali ifanywe kwa waya au kamba.

*Raba ya mhimili wa usukani.* Sauti iko ndani, karibu na pedeli, "nyii nyii" hata injini ikiwa imezimwa. Ni raba inayozuia maji na vumbi pale mhimili unapopita kwenda upande wa injini, imekauka. Grisi ya silikoni kidogo inatosha. Kama ni mkwaruzo ndani ya usukani wenyewe, karibu na honi, usifungue mwenyewe: pale pana mfuko wa hewa wa usalama, unaolipuka.

*Bushi na stabilaiza.* Zinalia kwenye matuta na gari likiinama konani. Kipimo cha tatu kitazionyesha. Kero zaidi kuliko hatari, ila zikichoka sana tairi zinalika upande.

*Wasiohusika sana.* "Ka-ka-ka-ka" ukikata kona huku unakanyaga mafuta ni sivi jointi. Mlio unaobadilika ukigusa breki ni brekipedi au bati la nyuma ya diski. Mvumo unaobadilika ukikata kona kwenye mwendo ni beringi ya gurudumu.

*Boli jointi.* Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye wa kuogopwa. Analia "nyiii" au "krrr" ukigeuza usukani polepole gari likiwa limesimama, mara nyingi na kwenye matuta pia. Ndani yake chuma kinatembea ndani ya kikombe kwa msaada wa grisi iliyofungiwa maisha yake yote. Raba ikipasuka, maji yanaingia, chuma kinakwaruzana, kinalika, nafasi inaongezeka. Siku nafasi ikitosha, mpira unatoka kwenye kikombe. Chini ya gurudumu hapana tena kinachoshika. Gurudumu linalala, kona ile ya gari inadondoka barabarani, na usukani hauongozi kitu.

Kupima: gari linyanyuliwe kwenye bodi na kuwekwa kwenye stendi, gurudumu lining'inie. Shika tairi juu na chini, litikise. Kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaashiria boli jointi au beringi ya gurudumu, wa kushoto na kulia mara nyingi ni tairodi. Halafu fundi apenyeze mtaimbo kati ya lowa amu na nako, anyanyue taratibu. Boli jointi nzima haionyeshi nafasi. Angalia na raba: imepasuka? Kuna grisi nje, au rangi ya kutu?

Kwa nini grisi "inaponya"

Mjerumani Richard Stribeck alionyesha mwaka 1902, kwa vipimo vya beringi, kwamba msuguano unategemea unene wa utando wa mafuta ukilinganisha na mwendo na mzigo. Utando ukitosha, nyuso hazigusani, hakuna kushika wala kuachia, kimya. Ukipungua, vilele vya chuma vinakutana.

Ndiyo maana boli jointi iliyochoka ikichomwa sindano ya grisi kupitia raba inanyamaza siku hiyo hiyo. Utando umerudi. Lakini chuma kilicholika hakijarudi, nafasi iliyoongezeka iko pale pale, na raba sasa ina tundu jipya la kuingizia maji. Umezima kengele, moto unaendelea. Dawa za kupuliza nazo ni hivyo hivyo: ni nyepesi, zinatoka haraka, na zenye asili ya petroli zinaweza kuvimbisha baadhi ya raba. Kuna matumizi moja halali ya ujanja huu, nayo ni uchunguzi. Pulizia kiungo kimoja tu, subiri dakika chache, sikiliza. Kama mlio umeisha, umejua anayelia ni nani. Sasa mpime, usimwache.

Na hapo maongezi na fundi yanabadilika kidogo:

"Bosi, hii boli jointi, tubadilishe zote mbili."

"Sawa fundi, shikamoo kwanza. Naomba tuinyanyue tuitikise, nione mchezo wake. Injini ikizimwa inalia, na nikibonyeza kona ya kulia inalia. Kushoto kimya."

Fundi mzuri hatakasirika. Wengi watafurahi, kwa sababu umewapunguzia kazi ya kutafuta.

Ukifika dukani

Nenda na namba ya chesisi na ile spea ya zamani mkononi. Gari la jina moja linaweza kuwa na boli jointi za vipimo viwili tofauti kutegemea mwaka. Shika boli jointi mpya, zungusha msumari wake kwa vidole. Inatakiwa iwe nzito kiasi na laini mwanzo hadi mwisho. Ikicheza ovyo kama kichwa cha mdoli, iache. Ikiwa na sehemu inayokwama, iache. Raba isiwe na ufa, na maandishi ya boksi yalingane na ya kwenye chuma. Kwa boli jointi na tairodi, za mtumba si za kubahatisha: hujui zimebeba nini huko zilikotoka. Biashara ya bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia, kwa hiyo dai risiti na uitunze.

Baada ya kubadilisha boli jointi, tairodi au kufungua shokapu, peleka gari likapimwe alaimenti. Bila hivyo, tairi zitalika upande mmoja.

Uendeshe au usiendeshe?

Tairi kwenye sakafu laini, raba ya mhimili, bushi kavu: endelea na shughuli zako, panga siku. Mkanda: usicheleweshe, kwa sababu katika magari mengi mkanda huo huo unazungusha altaneta, na mengine hata pampu ya maji. Ukikatika, usukani unakuwa mzito ghafla katikati ya kona. Beringi ya shokapu inayoruka: wiki hii, na endesha taratibu.

Boli jointi au tairodi yenye mchezo unaoonekana kwa macho: usilipeleke gari nyumbani "halafu kesho". Libaki gereji hapo hapo, hata kama mlio umekoma. Chuma kilicholika sana hakishikani tena vizuri, kinaweza kuacha kulia kabisa kabla ya kuchomoka.